Nilimfelisha Mdogo Wangu kwa Kadi Moja Nyekundu

(Barua hii imetufikia kwa posta. Mwenyewe ameomba tufiche jina lake na la ofisi yake, nasi tumeyaficha. Msomeni kwa huruma.)

Wasomaji wenzangu, hamjambo. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, sijaolewa. Kwetu ni upande wa Zinga, Bagamoyo, ila kazi yangu iko Dar es Salaam. Wahenga walisema mficha uchi hazai, basi leo sifichi.

Nafanya kazi kwenye chumba cha kompyuta. Ni mashine kubwa, inajaza chumba kizima, na ofisi nyingi zinatumia hiyo hiyo moja. Kila kazi inaletwa kwenye kadi ngumu zilizotobolewa matundu, na kila ofisi ina siku yake ili kazi zisichanganyike. Zikilazimika kupita siku moja, katikati tunaweka kadi nyekundu, inayoiambia mashine kwamba kazi ya kwanza imekwisha na inayofuata ni nyingine. Kuiweka ni kazi yangu.

Ramadhani iliyopita, siku ya kadi za mtihani wa darasa la saba, wakaja watu wanaohesabu vyombo vya uvuvi vya pwani, wanataka yao itoke siku ile ile. Mkubwa wetu akasema, "Ziunganishe, zipite pamoja." Nilikuwa na saumu, na akili yangu yote iko kwenye basi la Bagamoyo, maana nilimwahidi mama nitafuturu nyumbani. Nikapachika kadi nyekundu mbio mbio, nikaingiza. Karatasi za uvuvi zikatoka na mistari ya ajabu mwanzoni. Tukacheka, tukasema leo hata kompyuta imefunga. Ile mistari nikaikata kwa mkasi, nikaitupa.

Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yakatangazwa. Shule ya kijijini kwetu haikutoa hata mtoto mmoja. Nikaikumbuka ile mistari niliyoikata. Nikarudi kazini, nikafungua sanduku la kadi za uvuvi, na kifurushi cha shule yetu kilikuwa humo, mbele ya ngalawa na mashua. Kadi nyekundu nilikuwa nimeiweka kifurushi kimoja kabla ya mwisho wa kadi za mtihani. Mashine iliwasoma watoto wetu kama vyombo vya kuvulia samaki! Mdogo wangu, nitamwita Zuhura, kadi yake ni ya tatu. Mimi matundu yale nayasoma kama ninyi mnavyosoma gazeti. Alama zake zinatosha, tena zinabaki.

Huko nyumbani mwalimu mkuu amenuniwa na kijiji kizima, wengine wanasema shule imerogwa. Baba naye amekubali posa ya mfanyabiashara mmoja wa Pangani, mtu mzima mwenye wake wawili. Zuhura ana miaka kumi na sita. Nilijaribu kusema, "Baba, labda kuna makosa, tungoje kidogo."

"Makosa ya nani?" akanijibu. "Si wewe uliyekaa barazani hapa ukatwambia ile mashine haimjui mtu, haihongwi, haikosei? Basi imeshasema. Mwache mwenzio apate stara."

Kweli niliyasema, tena kwa maringo. Mdomo wangu huu!

Nilimweleza mama mmoja wa makamo tunayefanya naye kazi. Akaniambia, "Nyamaza kama ulivyonyamaza. Ukisema utaitwa mhujumu, kazi utaikosa na jela utaiona. Na orodha imeshatoka, nani atairudia kwa ajili ya watoto wa shamba?" Naogopa, sitawaficha. Kwetu mimi peke yangu ndiye niliyepata kazi ya ofisi, na baba anatembea kifua mbele kwa sababu yangu.

Lakini Jumapili iliyopita ndiyo iliyonimaliza. Tulikuwa jikoni, Zuhura anakuna nazi, mimi nachuja tui. Hakulia. Aliniuliza tu, "Dada, unajua niliyamaliza maswali yote? Nikayapitia mara mbili. Nikadhani nimepata. Kumbe mtu anaweza kuwa mjinga asijijue." Kisha akasema afadhali aolewe, vitabu havikuwa vyake. Nikaendelea kuchuja, sikuthubutu kumtazama.

Mtoto huyu hakukosa kitu. Nimekosa mimi, anaadhibiwa yeye, na wenzake wa darasa lile ambao sijui wazazi wao wanawapangia nini.

Ndoa ni mfunguo tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, na shule zinafunguliwa mwezi huo huo. Nikikipeleka kile kifurushi kwa wakubwa, huenda wakakipitisha upya, huenda wakanifunga na wasikipitishe. Nikimwambia baba, sijui kama ataniita mwanawe tena. Nikinyamaza, mdogo wangu ataishi hadi uzeeni akiamini ni mjinga. Silali, sili. Nishaurini jamani, nianzie kwa nani, na nianze na neno gani? Jibuni upesi, maana Zuhura ameniomba mimi ndiye nimpake hina ya harusi, nami nimemjibu, "Haya."