Orijino na Nguzo ya Mlango

Kinyozi huyu mtaa mzima ulimwita Orijino, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla mashine haijafika kisogoni ulikuwa umeshaambiwa kwamba lile gari la kijani lililoegeshwa nje ni orijino, kila bati lake limetoka nalo kiwandani, na kwamba baba mkwe wake, fundi bodi, alimkabidhi siku ya harusi likiwa halijaguswa hata na nyundo. Wateja walikuwa hawabishi. Nani abishane na mtu aliyekushika kichwa na wembe mkononi?

Mbele ya gari kilining'inia kibao cha serikali kinachotangaza kwamba hilo ni gari la kale. Orijino alikipangusa kila asubuhi kabla hajanawa uso. Mkewe, mshonaji wa nguo, alikuwa akimtazama tu kutoka dirishani na kutabasamu.

Halafu mke akateleza kwenye ngazi. Goti likavunjika vibaya, likatiwa chuma, na mguu wa kulia ukabaki umenyooka, haukunjiki hata uuombe. Siku ya kwanza kutoka hospitali walijaribu kumwingiza kwenye gari. Mguu ukiingia, mwenyewe yuko nje. Mwenyewe akiingia, mguu uko nje. Walicheka mpaka machozi, kisha mke akaendelea na machozi bila kicheko. Tatizo lilikuwa ile nguzo ya katikati, kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Magari ya kukodi nayo yalikuwa na nguzo zao, na mama wa watu hataki kubebwa mgongoni kama gunia. Akaacha kutoka. Dada yake mpenzi, ambaye naye ni mgonjwa, akabaki kumsikia kwenye simu.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia Orijino. Alilipeleka gari kwa fundi bodi wa mtaa wa pili akamwambia, "Kata."

"Nikate nini?"

"Nguzo. Milango miwili ifanye mmoja mrefu."

Fundi akamgusa paji la uso kama mtu anayepima homa. "Orijino, ni wewe?"

"Kata kabla sijabadili mawazo!"

Fundi alikata, akaunganisha milango, na chini ya sakafu akatia mhimili mnene wa chuma. Wakati msumeno unalia, Orijino aligeukia ukuta. Lakini mkewe alipokuja, akatanguliza kiuno, akajivuta, mguu ukafuata wenyewe ukalala kitini kwa raha zake, jamani! Siku hiyo walimpitia kila rafiki, na kwa dada yake walikaa mpaka wakafukuzwa.

Raha haikudumu. Magari ya kale huitwa mara moja moja yatazamwe, na zamu yao ikafika. Orijino alikwenda kifua mbele akijua hana kosa, akatoka amechanganyikiwa. Ofisini dirisha la kwanza walimwambia gari la kale haliruhusiwi kukatwa mwili, yaani fremu, sakafu, paa na nguzo. Sawa. Dirisha la jirani likasema kubadilisha gari kwa ajili ya mlemavu kunaruhusiwa. Akashukuru, karibu aondoke, ndipo yule mtu akaongeza kwamba ruhusa hiyo haihusu magari ya kale. Kwenye ngazi akakutana na mzee mwenye tai, aliyemwambia kuchomelea ni matengenezo, na matengenezo hayana shida, mradi kisiwepo kilichobadilika.

"Sasa nguzo ikiwa haipo, imebadilika au imekosekana?" Orijino akauliza.

Mwenye tai akafikiri sana. "Hilo waulize dirishani."

Walimpiga danadana hivyo mpaka akawa haelewi hata anaulizia nini. Mwishowe wakamwambia alete gari uani, mkaguzi aamue. Akalileta, na mkewe ndani, maana angemwachaje?

Mkaguzi alikuwa binti mpole mwenye tochi. Alipouona ule mlango mrefu, akashusha pumzi. "Mzee wangu, nisikie. Sheria inasema urudishe nguzo, la sivyo gari lisitembee barabarani."

"Basi liandikeni gari la kawaida! Chukueni kibao chenu!"

"Mwenye gari hawezi kulitoa kwenye orodha ya magari ya kale kwa kutaka kwake. Linatoka tu kama liliingizwa kimakosa."

"Kimakosa vipi?"

"Kama tangu mwanzo halikuwa la asili. Hapo tungepima uimara wake tu, na mlango ungebaki." Binti akamtazama kwa huruma, akaliuliza swali polepole, kama anayemfungulia mtu geti. "Una hakika ni la asili?"

Na huyu mtu, Mungu amsaidie, akavimba! "Hakika? Binti yangu, kila bati! Naapa mbele ya yeyote! Baba mkwe wangu alinikabidhi hivi hivi!" Aliendelea hivyo mpaka pumzi ikamwishia, ndipo akajisikia alichokisema. Akamgeukia mkewe kitini.

"Mwanangu," mke akamwambia mkaguzi, "inua zulia la nyuma."

Binti akainua, akamulika. Sakafu ilikuwa na mshono wa kuchomelea kutoka ubavu hadi ubavu. Akakwangua rangi kidogo kwa ncha ya ufunguo. Mbele ya mshono, chini ya kijani, palikuwa na kijani. Nyuma yake palikuwa na njano.

"Haya ni magari mawili," akasema.

Orijino alipiga magoti, akaugusa ule mshono. Akamwuliza mkewe, "Ulijua?"

"Moja lilipondeka mbele, jingine nyuma. Baba hakuwa na uwezo wa gari zima, na hakutaka nitoke kwake kwa miguu. Mimi ndiye niliyemshikia taa akiunga."

"Na miaka yote hii unanisikia najigamba!"

"Ulivyokuwa unafurahi! Ningeanzia wapi?"

Alitaka kukasirika, akashindwa. Aliona aibu kwa vichwa vyote alivyovinyoa kwa uongo, na hapo hapo moyo unamruka kwa furaha, mlango umepona. Hakujua acheke au alie, akaishia kukohoa. Kibao alikifungua mwenyewe. Walipima gari, mhimili wa fundi na mshono wa mkwe vyote vikashika, wakaruhusiwa kwenda, sasa ni gari lililobadilishwa.

Njiani wakasimama kujaza mafuta. Mjazaji, mtani wake wa zamani, akaja anacheka kama kawaida. "Vipi mzee, bado orijino?"

Orijino akatazama kwenye kioo. Mkewe alikuwa amenyoosha mguu kitini, amegeukia dirisha, anajifanya hasikii.

"Limeungwa," akasema kwa sauti, kila mtu pale asikie. "Aliliunga baba mkwe wangu, na huyu nyuma ndiye aliyeshika taa."