Mabua ya Pamba Siku ya Ngoma

Nakumbuka siku moja kule Kishapu, mwishoni mwa msimu wa ngoma, kaka yangu Masanja aliamka alfajiri akaenda kung'oa mabua ya pamba kwenye shamba la jirani. Jirani mwenyewe hakuwa ameomba msaada. Na siku hiyo, mwanangu, ilikuwa ya mashindano ya ngoma! Masanja ndiye aliyeongoza kikundi chetu, na Kabula, mchumba wake, alikuwa anakuja na ndugu zake kumtazama.

Jioni aliingia uwanjani mgongo umekakamaa, viganja vina malengelenge. Tulishindwa vibaya mno.

Wanaume walimzunguka. "Pole, ng'wanawane, mwanangu," baba alimwambia. "Mtu kachoka, angefanyaje?" Wakamnunulia na soda.

Wanawake tulinuna. Sisi tuliozoea kuchota maji hata tukiwa na homa, mtu anayejichosha kwa makusudi anatukera sana. Kabula ndiye aliyesema, tena mbele ya watu:

"Hukuchoka, Masanja. Uliutafuta uchovu. Ungeshindwa kwa nguvu zako zote, ningeolewa nawe hivyo hivyo. Mwaka wa njaa ukija, utakwenda kung'oa mabua ya nani?"

Uchumba ukavunjika. Masanja alizeeka akisema angeshinda kama si yale mabua, na wanaume waliendelea kumpa pole. Pole hizo hazikumsaidia kitu. Lakini hata sisi wanawake, kwa ukali wetu wote, hatukumuuliza alikuwa anaogopa nini. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa wewe, kesho una usaili wa udereva wa malori mgodini Geita, na leo nimekuona hapa Nyasubi ukigombea kupakia magunia ya mpunga ya watu. Ukikosa kazi, wenzako watasema ulichoka. Mchumba wako hatasema hivyo, namfahamu.

Basi nakuuliza mimi, unaogopa nini? Niambie, sitakucheka. Kisha gunia hilo liweke chini, uoge, ulale. Kesho nenda na nguvu zako zote, na ukikosa, ukose hivyo hivyo bila kisingizio. Nawe ukimwona mwenzio anajiharibia, usimpe pole tu wala usimnunie tu. Muulize.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu, na mikono yako iamke mizima. Ukipata au ukikosa, ugali wako utaukuta umefunikwa.