Pole kwa Biskuti

Kwanza mjue kwamba mbwa mwenyewe aliitwa Biskuti. Jitu zima la mbwa, kichwa kama sufuria la harusi, halafu eti Biskuti! Mwenye mbwa alikuwa Glenn, bwana wa makamo aliyeishi na mama yake mzee huko Rooty Hill, ng'ambo kwa Wazungu, na jirani aliyeteseka naye alikuwa Kyakimwa, mama wa Kinande, mkimbizi kutoka Butembo.

Kyakimwa hakuwa na ugomvi na mbwa. Kwao mbwa analala nje, akikosea anatupiwa kandambili, yameisha. Lakini hapa alikuwa na kitu cha kulinda. Baada ya miaka minane ya kambi huko Uganda, na mingine mitano ya kupakia makatoni kwenye ghala la Seven Hills, alikuwa amesoma. Alisoma jikoni, binti yake Ange akimfafanulia Kiingereza mstari kwa mstari, mpaka akapata kibali cha kulea watoto wa watu nyumbani kwake. Watoto wanne, wote wa akina mama wa zamu. Kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, kazi ilikuwa yake, na watu walimwita kwa jina.

Sasa uzio. Kati yake na Glenn palikuwa na mbao zilizooza, na Biskuti alikwishajifunza ubao mmoja: anausukuma kwa pua, anaingia kama aliyealikwa. Ananya kwenye majani wanapocheza watoto. Siku moja alikula chakula chote cha mchana, wali na maharage, akalamba na sahani. Kyakimwa aliugongomelea ule ubao misumari. Biskuti akachimba chini yake.

Akaenda kwa Glenn kwa adabu zote za kwao. Huendi kwa jirani na lawama mikono mitupu, kwa hiyo alikaanga mikate ya mafuta, akaifunika kitambaa, na alipofika akaanza kwa kumsifu mbwa. Mbwa wako ana nguvu, ana afya, hongera. Ndipo akagusia uzio. Glenn alitafuna mikate mitatu pale pale mlangoni, akasema hakuna shida. Kyakimwa akarudi moyo mweupe. Kumbe hakuna shida ni kwake yeye Glenn!

Wiki iliyofuata Biskuti alimwangusha Faida, mtoto wa miaka miwili. Hakumng'ata, lakini midomo ilipasuka kwenye ngazi, damu ikachuruzika mpaka kwenye gauni. Généreuse, mama wa mtoto, alikuja kumchukua akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama Ange, mimi nakuamini," akasema. "Lakini yule nyama akirudi, nitafanya je?"

Shirika linalosimamia walezi likamtuma msimamizi. Akapiga picha mavi, akapiga picha shimo, akasema kwa sauti ya upole kabisa: wiki mbili, ua uwe salama, la sivyo kibali kinasimamishwa. Basi Kyakimwa akaita kaunsili, yaani halmashauri ya mji. Renja, askari wao wa mambo ya wanyama, akaja, akamwambia aandike kila siku mbwa anapoingia, akaenda kumpa Glenn onyo. Kuanzia siku ile Glenn akaacha kumsalimu. Na asimsalimu! Mradi uzio utengenezwe.

Haukutengenezwa. Zilibaki siku nne.

Asubuhi hiyo, watoto wakiwa bado hawajaletwa, Kyakimwa alisikia ukelele wa mtu mzima. Akatoka na unga mikononi. Glenn alikuwa amepiga magoti penye njia ya gari, na Biskuti amelala mbele yake miguu imekakamaa, povu mdomoni, ameshakufa. Glenn analia. Analia kabisa, mabega yanaruka.

Mtu angepita zake. Mimi ningepita, siwafichi. Lakini Kyakimwa amelelewa. Mtu analia mbele ya mwili, wewe unamwendea, hata kama jana mlitukanana. Akaweka mkono kifuani, akainama, akatoa neno alilokuwa nalo.

"Sori, Glenn. Sori sana. Oo, sori, sori."

Glenn akainua uso. "Umefanya nini?" akauliza kwa Kiingereza chake. "Umefanya nini wewe?"

Na Kyakimwa hakushangaa hata kidogo. Kwao aliyefiwa huuliza hivyo hivyo. Anamwuliza marehemu, anamwuliza Mungu, anamwuliza hata mlango: umenifanya nini? Hakuna anayejibu swali lile. Jibu lake ni pole, na pole haipunguzwi. Akampa tena.

"Sori. Sori sana, Glenn."

Saa tano renja akarudi, safari hii na mwenzake, na hakuna aliyeutazama uzio. Wakamwuliza kama alimwambia jirani sori. Akasema ndiyo. Mara ngapi? Nyingi, akasema, akijivunia kidogo. Wakaandika. Wakamwuliza kama ana sumu ndani ya nyumba. Hapo ndipo alipotambua kwamba anashukiwa yeye.

Ange aliporudi shule na kusikia, alishika kichwa. Anaelewa Kiswahili chote, anajibu Kiingereza tu, na siku hiyo kilimtoka kwa kelele: Mama, umekiri!

"Nimekiri nini? Nimempa pole!"

Sori ya huku siyo pole, Ange akasema. Ni samahani. Ni ya mtu aliyekosa.

"Na mwalimu wenu alipofiwa, kadi yenu mliandika nini? Si sori? Mlimwua marehemu nyinyi?"

Ile ni tofauti, akasema Ange. Kule tuliandika sori kwa ajili ya msiba wako. Wewe hukumalizia, Mama.

Hukumalizia! Hebu niambieni, nyinyi mnaolia na watu kila wiki, nani humalizia pole?

Barua ya shirika ilifika kabla zile siku nne hazijaisha. Haikutaja mbao wala shimo. Ilisema kuna malalamiko ya ukatili kwa mnyama, na mtu mwenye malalamiko ya namna hiyo hawezi kukaa na watoto mpaka uchunguzi umalizike. Kyakimwa aliwapigia akina mama mmoja mmoja. Généreuse alilia kwenye simu, lakini zamu haingoji mtu, na Jumatatu Faida alikuwa kwenye kituo kingine karibu na stesheni.

Uchunguzi ulichukua wiki saba. Ikaonekana ni sumu ya panya, mfuko wa Glenn mwenyewe, kwenye banda lake mwenyewe, umechanwa kwa meno ya Biskuti. Kaunsili ikafunga jalada. Shirika likamwandikia Kyakimwa kwamba anaruhusiwa kuomba upya, akiwa na ua salama. Ua upi? Mwenye nyumba yake hapokei simu. Watoto wameshazoea kwingine. Akarudi Seven Hills kwenye makatoni, kwa msimamizi wa ghala anayemwita "wewe pale".

Na Glenn? Glenn alimkuta penye mapipa ya taka, akakohoa, akasema natumaini hakuna kinyongo. Akasimama, akasubiri ajibiwe. Lile neno lao la mkosaji, ambalo mwanamke wa watu alilitoa bure mpaka likamla, yeye mkosaji wa kweli hakulitoa hata mara moja. Kyakimwa aliburuta pipa lake akaingia ndani.

Mwezi wa nane mama yake Glenn akafa. Ange ndiye aliyeleta habari. Magari yalikuwa yamejaa mbele ya nyumba, watu wamevaa nyeusi, na Glenn amekaa kwenye ngazi peke yake, mikono magotini, anatazama chini.

Kyakimwa alikuwa na siku ya mapumziko. Alifunga kitenge, akavaa viatu, akafika mlangoni, akashika kitasa. Ange akamwuliza, mbona huendi?

"Nikaseme nini?"

Ange akasema safari hii ni msiba, Mama, safari hii unaweza.

Kyakimwa akavua viatu. Mwanamke aliyewahi kutembea asubuhi nzima kwa miguu kwenda kumpa pole mjane wa mtu aliyemnyang'anya shamba, alienda dirishani akavuta pazia.