Maji ya Viazi Mbele ya Juri

Mkiniona nazunguka mtaa wote wa Murara, hapa Goma, ili nisipite sokoni, msidhani nina haraka, ni aibu tu, na aibu yenyewe niliipika kwa mkono wangu.

Mama yangu anauza sokoni viazi vya milima ya Masisi. Viazi hivyo ndivyo vilivyonisomesha, basi hata kazi yangu ya mwisho wa masomo niliiandika juu ya protini ya viazi: uzi mrefu uliojikunja kama donge, ukiupika unajikunjua, na ambao labda (labda! profesa alitaka neno hilo kila ukurasa) unaweza kuusaidia mwili kushughulikia mafuta. Jumamosi moja namsaidia mama, biashara imelala, nikamwona Mama Furaha, mshonaji wa mtaa wa Mabanga, mnene na mwenye roho safi, anaelekea meza ya jirani. Nikamwita.

"Mama, ponda viazi vyetu vibichi, kamua, kunywa ile mayi. Inayeyusha mafuta! Mimi niko nasoma ile mambo ku iniversite."

Ile labda ya profesa niliimeza. Akanunua ndoo nzima, kesho yake akaleta wenzake, na mama akashinda anaimba. Nani angerudi kusahihisha?

Siku ya kutetea kazi yangu chuoni ikafika, na mama (kwetu mtoto hatetei peke yake) akawaalika wateja wake wote, wamevaa kitenge kimoja, kreti za Fanta zinasubiri nje. Nilieleza vizuri, naapa. Juri, wale maprofesa wa kunipima, wakauliza kama watu wana maswali, na Mama Furaha akasimama na chupa mkononi, mama yangu anamvuta nguo bila kufaulu.

"Mimi siko na swali, niko na ushuhuda! Mwezi muzima niko nakunywa hii mayi kila asubui. Tumbo inakimbia, mafuta iko palepale. Nguo yangu ya kuvaa ku ndoa ya mutoto niliishona ndogo juu weye ulisema nitapunguka. Ndoa ni samedi, hii Jumamosi inakuja. Sasa nifanye nini?"

Ukumbi ukacheka. Yeye alikuwa analia.

Rais wa juri, muzee mpole, akafungua kitabu cha kazi yangu taratibu. "Binti, hapa umeandika labda. Ku soko, ile labda uliipeleka wapi?"

Na mimi, mjinga wa wajinga, nikajibu: "Ilikuwa publisite, Profesa, tangazo tu la kuuzisha viazi."

Nilipita kwa kuchechemea. Diploma iko chini ya godoro, na Fanta zilirudi nyumbani na vifuniko vyake. Mama alikunja kitenge chake, kisha akasema bila kuniangalia: "Niliuzisha viazi mpaka ukamaliza masomo, sikudanganya mutu hata siku moya. Weye ulishindwa nini?"

Nimeapa, hata nikiulizwa kama mvua itanyesha, neno labda halitakosekana tena mdomoni mwangu. Lakini kiapo changu kinamsaidia nani? Wateja wengi walihama, na mama aliyekuwa na jina lake zuri, leo soko zima linamwita Mama Labda. Na anaitika.