Unga wa Jiwe Usioanguka

Kuna mchana mmoja wa kiangazi ambao haujaniacha, mwanangu, na nikiona mtu anakung'uta kitambaa chenye vumbi, unarudi wote. Ilikuwa miaka ya hamsini, kwetu Ringwani. Nilikuwa utingo wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Tarime. Dereva wangu, Marwa, alitaka watu wanaotoka kanisani Jumapili wajitazame kwenye milango ya lori lile. Aliniahidi kwamba liking'aa vizuri atanifundisha kushika usukani. Usukani ule niliuota hata nikiwa macho.

Kopo la polishi likaisha. Marwa akaleta gunia la unga mweupe kutoka kwenye lundo la mabaki ya mgodi wa dhahabu, walikokuwa wakisaga jiwe jeupe gumu. Tuliuchanganya na mafuta ya taa, tukapaka, tukaacha ukauke, kisha tukasugua kwa kitambaa kikavu. Rangi iling'aa, lakini chenga ziliikwaruza. Hapo nikamwomba dada yangu Bhoke, aliyekuwa nyumbani na mtoto mchanga, anisaidie. Akafanya kama alivyozoea kufanya na unga wa wimbi: alitikisa ungo, chenga upande huu, unga laini upande ule, mtoto akiwa mgongoni. Kadiri unga ulivyokuwa laini ndivyo tulivyofurahi. Siku hizo Bhoke alianza kukohoa. Nilisema ni mafua.

Mchana huo ninaousimulia, mjomba wetu Chacha alipanda mteremko kuja kwetu. Alikuwa ametoboa miamba chini ya ardhi miaka mingi. Alikaa chini mara kadhaa kabla ya kufika, ingawa hakuwa mzee.

"Shikamoo, mjomba," tulisema.

Aliinua mkono tu. Alivuta pumzi, akaiachia, akavuta nyingine. Ndipo akajibu, "Marahaba." Kisha akautazama ungo. "Bhoke, tangu lini mnapika ugali wa mawe?"

"Si ugali, mjomba. Ni poda. Huyu mdogo wangu anapamba lori kama bibi harusi. Nadhani wataoana."

Mimi nilicheka. Mjomba hakucheka. Alimwambia Bhoke ampeleke mtoto kwa mama, arudi. Akaziba pua na mdomo kwa kitambaa chenye maji, akauchukua ungo hadi mlangoni pa jiko, palipoingia mwali wa jua kupitia tundu la ukuta. Akaugonga mara moja, akarudi nyuma haraka, akatuzuia kwa mkono tusiingie.

"Tazameni kutoka hapa."

Chenga zilianguka papo hapo. Unga ukafuata. Lakini ndani ya ule mwali kulibaki kitu kama moshi mwembamba, kikizunguka, hakishuki. Bhoke alienda kumnyonyesha mtoto, akarudi. Bado kilikuwa kinaelea.

"Kile kilichoanguka hakikunidhuru," mjomba alisema, akigusa kifua. "Hiki kisichoanguka ndicho kilichomo humu. Kule chini nilifunga kitambaa kikavu puani nikadhani nimejikinga. Daktari aliniambia hakuna dawa ya kukitoa." Akanigeukia. "Na wewe unamchagulia dada yako kile kilicho laini kabisa?"

Sikuweza kukaa. Nilimwagia gunia maji mpaka likawa tope, nikalifukia shimoni, nikafuta jiko kwa matambara yaliyolowa, nikafua nguo za Bhoke na za mtoto, nikarudia tena. Marwa aliposikia alisema, "Basi usukani utauona kwa macho tu." Kweli, sikuushika kamwe.

Mwanangu, shule niliiacha mapema, lakini baadaye nilitafuta nikasoma. Lile jiwe lina madini yanayoitwa silika. Baadhi ya makopo ya kung'arishia magari yanayo hata leo, katika maandishi madogo. Nataka kuwa sahihi: yakiwa ndani ya mafuta, yamelowa, hayaruki. Hatari ni yanapokauka ukayasugua, ukakung'uta kitambaa, ukapiga msasa au ukapuliza kwa pampu. Kwa kawaida ugonjwa huja polepole, baada ya miaka ya kuvuta vumbi hilo. Sijui siku zile chache zilimfanya nini Bhoke. Kikohozi kiliisha. Mjomba hakupona, mwishowe akawa analala ameketi, kisha akatutoka.

Kwa hiyo usomapo kopo, lisome lote. Futa polishi kabla haijakauka. Sugua kwa maji, fagia kwa maji, fanyia kazi nje, upepo ukiwa mgongoni mwako na hakuna mtu upande unakoelekea. Usitegemee leso puani. Nguo ya kazi usiivae ukimbeba mtoto. Na usipime hatari kwa macho, maana vumbi unaloliona likiruka silo baya kuliko yote.

Bhoke sasa ana wajukuu. Akija kwangu hupanda mteremko uleule. Mimi humwamkia angali mbali, "Shikamoo, dada," kisha nasimama nikisikiliza. Yeye hajui kwa nini. Huitikia, "Marahaba!" kwa pumzi moja, huku akitembea. Ndipo ninapoketi.

Mungu akupe kifua hicho, mwanangu. Uzeeke, upande kila mteremko wa kwenu, na ukiamkiwa juu yake, uitikie bila kusimama.