Sahihi Mbili Chini ya Ripoti Moja

Watu wa kampuni yetu ya mifugo hawakuaminiana, na sikuwalaumu. Nusu ya wenye hisa walisalimiana kwa salaam aleikum, nusu kwa habari, na kila nusu iliamini kwamba nyingine inaiba. Ndiyo maana waliajiri wakaguzi wa hesabu wawili, mmoja wa kila upande, wakague pamoja na kutia sahihi ripoti moja. Upande wa msikiti ulimleta mzee aliyenifundisha kazi hii. Upande wa kanisa ulinileta mimi.

Walitutania kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tulikaa vizuri mno. Tuligawana kazi: yeye ahesabu mbuzi wa zizi la Burat, mimi wa zizi la Ngaremara, siku ileile moja, kisha kila mmoja apitie karatasi za mwenzake. Siku moja ndiyo iliyokuwa roho ya mpango, kwa sababu mbuzi ana miguu.

Siku hiyo sikwenda. Shemeji yangu alikuwa anaoa, na mimi napenda pilau ya bure. Nilifika Ngaremara kesho yake, nikakuta zizi limejaa mbuzi wenye rangi ya bluu mgongoni. Ni rangi ambayo mzee alimpaka kila mbuzi aliyekwisha kumhesabu kule Burat. Ilikuwa bado mbichi, ikaninata kidoleni. Meneja wa kampuni alikuwa amewahamisha usiku ili wahesabiwe mara ya pili, na nilijua papo hapo. Lakini kuwakataa kungenilazimu kueleza jana nilikuwa wapi. Niliwahesabu wote, nikaandika tarehe ya jana.

Mzee alitia sahihi karatasi zangu bila kuzisoma. Alisema mtu hapekui mfuko wa mwanawe.

Ripoti iliposomwa, kampuni ilionekana imenona. Mjane mmoja wa mtaa wa Wabera, muuza maziwa, aliuza mbuzi wake wote akanunua hisa. Miezi michache baadaye wanunuzi walikuja na malori, na nusu ya mbuzi tuliowaandika hawakuwepo. Meneja naye alikuwa ametoroka.

Mkutanoni yule mjane alisimama mbele yetu.

"Sisi tuliweka wawili, juu hatuamini mtu," alisema. "Mmoja akidanganya, ule ingine amshike. Sasa nani alihesabu hii mbuzi ya Ngaremara?"

Kabla sijafungua mdomo, mzee alijibu kwamba kosa ni lake: alipaswa kusoma karatasi zangu na hakusoma. Kisha akanitazama, akingoja niseme lililobaki. Nilimchukia kwa wema wake.

"Mzee ndiye aliyepanga kazi yote," nilisema. "Mimi nilifuata tu."

Walimfukuza pale pale, na hakunikanusha. Mjane alimtemea mate miguuni, halafu akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kusema ukweli. Mwaka uliofuata waliamua kwamba mkaguzi mmoja anatosha, wakanipa kazi yote mimi.