Jenereta Iliyonguruma Jikoni Kukiwa na Moto

Kerosi, fundi wa stima kutoka Ndhiwa, si mtu wa kuacha kazi nusu, lakini kazi moja ilikuwa imemkaa rohoni.

Katika hoteli ya Sindo ambako mkewe Phanice hukaanga samaki, ndiye aliyefunga swichi inayokata stima ya vikaangio mara tu mtambo wa kuzima moto ulio juu yake unapomwaga dawa. Mafuta yakizimwa huku kikaangio bado kinapasha, hulipuka upya. Baadaye mwenye hoteli alileta jenereta ya kujiwasha, na Kerosi akaihamisha swichi, akaiweka baada ya pale stima ya nguzo na ya jenereta zinapoungana, ili ikate zote mbili. Aliijaribu kwa stima ya nguzo, ikakata. Kwa jenereta hakujaribu, maana dizeli haikuwa imeletwa. Akasema atarudi.

Jumapili stima ikapotea kote, Ndhiwa hadi Sindo. Alikuwa akimenya viazi nyumbani simu ilipolia.

"Baba Liz, kikaangio kimeshika moto. Dawa imemwagika yote, moto umezimika."

Nyuma ya sauti ya Phanice jenereta ilikuwa ikinguruma. Kerosi akakiacha kisu.

"Uko wapi?"

Alikuwa nje, mlangoni, na wenzake wote walikuwa wametoka. Ila feni ya moshi, alisema, bado inazunguka. Kerosi akamwambia hiyo iachwe, ina waya wake usiopita kwenye swichi, kazi yake ni kutoa moshi. Alichotaka kujua ni kama taa nyekundu za vikaangio, zinazoonyesha kwamba vina stima, bado zinawaka.

"Usiingie, Mama Liz. Chungulia tu."

Akasikia viatu vyake, kisha kikohozi.

"Zimezima."

"Zote?"

"Zote mbili. Mafuta yametulia kama uji uliopoa. Mbona unahema hivyo, kwani wewe ndiye uliyekuwa motoni?"

"Nakuja," Kerosi akasema. Akatoka kutafuta bodaboda.

Alimkuta Phanice ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, leso yake imejaa povu la ile dawa. Akamshika mikono, akaigeuzageuza. Phanice alikuwa akilalamika kwamba samaki wote wameharibika, na wateja wamevuka barabara kwenda kula omena kwa jirani.

"Wacha wale," Kerosi akasema.